Mninga si kila mti unaotoa damu

Mninga ni mti wa misitu ya miombo, Pterocarpus angolensis, wenye mbao za rangi ya kahawia zinazopendwa na maseremala kwa sababu hazipindi ovyo. Maelezo hayo yangetosha, lakini kuanzia Sikonge hadi Kasulu imezoeleka kuuita mninga mti wowote ambao gome lake likikatwa hutoa utomvu mwekundu.

Utomvu huo ni sifa ya ukoo, wala si ya mti mmoja. Mkurungu, yaani Pterocarpus tinctorius, ambao nao huota Tabora na Kigoma, huchuruzika vilevile. Hata tunda halisaidii sana, kwani jina Pterocarpus, la jenasi (kundi la miti ya ukoo mmoja) yenye miti hiyo, limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya bawa na tunda, na bawa la mviringo linalozunguka mbegu linapatikana kwa miti yote miwili. Jani ndilo la kutazamwa: la mninga hugawanyika katika vijani vingi vidogo, aghalabu 11 hadi 19, ilhali vya mkurungu huwa vichache, vikubwa na vipana zaidi. Mti ukishapasuliwa, kiini cha mkurungu huonekana chekundu zaidi. Wanaodai kwamba tofauti hii ni ya wasomi tu wakumbuke kuwa mkurungu uliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama pori, mwaka 2019, na mninga ukafuata mwaka 2022.

Anayetaka kupanda ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu akiokota matunda chini ya mti alioutambua kwa utomvu peke yake, huenda akalea mkurungu kwa miaka akiuita mninga. Akipata mninga wenyewe, atalazimika kupasua tunda gumu lenye miiba katikati kwa ajili ya mbegu moja au mbili, kisha kwa miaka kadhaa ataona shina la mche likikauka hadi ardhini kila kiangazi, huku mzizi ukinenepa chini, mpaka mwaka ambao chipukizi litasimama moja kwa moja. Mche wa namna hiyo haujafa, na haufai kung'olewa mwezi Agosti.

Anayekata gome na kuona wekundu, basi, hajadanganyika kabisa, kwa kuwa amewafikia jamaa wa mninga. Amebakiza tu kuinua macho ahesabu vijani.