Mkufunzi wa Uhuishaji Alifanya Kazi Gani Kabla ya Kushika Chaki?

Usajili unapofunguliwa, wazazi na vijana hutuuliza karibu mambo yale yale: kompyuta zenu zina uwezo gani, mnafundisha programu ipi, cheti kinatambulika? Ni wachache wanaouliza nani atasimama mbele ya darasa na alikuwa akifanya nini kabla ya hapo. Kazi yangu chuoni ni kuwatafuta wakufunzi wa uhuishaji wa kompyuta, yaani sanaa ya kuzipa picha mwendo (animation), kuwasaili na kuwapangia madarasa, na nasema bila kumung'unya maneno kwamba swali hilo lingepaswa kuulizwa kabla ya mengine yote. Kompyuta hupitwa na wakati na programu hubadilika. Jicho analokuachia mkufunzi utalitumia maisha yako yote ya kazi, na jicho hilo limetokana na kazi aliyoifanya yeye mwenyewe.

Chukua zoezi moja la kawaida. Mwanafunzi ametengeneza mhusika anayeinama, ananyanyua sanduku zito, anageuka na kuliweka mezani. Ni sekunde 4 tu, lakini kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde hizo ni picha 96, na katika kila picha kuna jambo linaloweza kuharibika. Kazi hiyo ikipita mbele ya wakufunzi watatu, utadhani kila mmoja ametazama kazi tofauti.

Wa kwanza alianza kazi akichora katuni kwa mkono. Kabla ya kusema lolote ataomba rangi na taa zizimwe, mhusika abaki kivuli cheusi mtupu, aone kama mkao unasomeka. Kisha atafuata kifundo cha mkono fremu kwa fremu, akiweka nukta kwenye kioo kila kinapopita. Nukta zikipanga mstari ulionyooka, atasimama hapo hapo, kwa sababu mkono wa binadamu husafiri kwa upinde. Ataonyesha pia kwamba sanduku limeondoka sakafuni mapema mno: mwili ulipaswa kushuka kwanza, mgongo ujikaze, mabega yavutwe chini na uzito, ndipo sanduku lianze kusogea.

Wa pili alikuwa fundi wa mifupa, yaani mtu anayemjengea mhusika viungo na vishikio ambavyo mhuishaji huvivuta. Yeye hatazami sana picha. Anafungua mistari ya mwendo ya nyonga, yaani grafu inayoonyesha jinsi kiungo kinavyosogea, na kukuta vituo, zile nukta ambapo mhuishaji ameupanga mkao, vimejazana fremu baada ya fremu, kila kimoja kikivuta upande wake, na hapo anajua kwa nini mwili unatetemeka. Halafu anaona goti likifyatuka kwa fremu moja mhusika anaposimama. Chanzo ni nyonga iliyopanda juu kuliko urefu wa mguu unavyoruhusu, hivyo mguu umenyooka ghafla mpaka mwisho. Anaishusha nyonga kidogo, kasoro inatoweka.

Wa tatu ni mwigizaji wa jukwaani. Hagusi kipanya. Anauliza: huyu mtu alijua kwamba sanduku ni zito kabla ya kuligusa? Kama alijua, angepanua miguu na kuvuta pumzi kwanza. Kama hakujua, jaribio la kwanza lingeshindwa, angelitazama sanduku upya, na ndipo angejipanga. Mwanafunzi hakuwa amewaza hivyo hata kidogo. Anarudi mezani kuanza upya, na safari hii ana mtu mwenye akili ndani ya sanamu yake.

Wote watatu wako sahihi. Mwanafunzi aliyefundishwa na mmoja wao peke yake, muhula baada ya muhula, atahitimu akiwa na upofu ule ule wa mwalimu wake, na hatajua kuwa anao.

Mchanganyiko huu umo katika fani tangu chimbuko lake. Mwaka 1932, Don Graham, mwalimu wa kuchora kutoka Chouinard Art Institute, shule ya sanaa huko Los Angeles, alianza kuwafundisha jioni wachoraji wa studio ya Disney. Hakuwa mhuishaji. Alileta wanamitindo wa kuchorwa, akawazoesha wachoraji kuutazama mwili halisi unavyobeba uzito wake, na matunda yake yalionekana katika kazi zao. Kompyuta zilipoingia, nazo zililetwa na watu wa asili mbalimbali. Charles Csuri alikuwa mchoraji na profesa wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Ohio State alipoanza kutumia kompyuta katika miaka ya 1960. Katika Chuo Kikuu cha Utah, Ed Catmull alitoka kwenye fizikia na sayansi ya kompyuta. Mwaka 1972 alitengeneza mkono wa kidijitali unaokunja vidole, akianzia na umbo la plasta la mkono wake mwenyewe, huku mwenzake Frederic Parke akihuisha uso wa binadamu. Wote wawili walihitaji hesabu zilizokuwa bado changa, na kalamu ya mchoraji isingewafikisha hapo.

Kisha pande hizo mbili zikakutana. Mwaka 1975 chuo cha CalArts huko California kilianzisha programu ya uhuishaji wa wahusika, na waliofundisha walikuwa wakongwe wa Disney kama Jack Hannah, aliyeongoza filamu fupi nyingi za Donald Duck. Mmoja wa wanafunzi wao wa mwanzo, John Lasseter, baadaye alijiunga na kundi la Catmull. Mwaka 1987 aliwasilisha kwa wataalamu wa kompyuta makala iliyoeleza jinsi kanuni za katuni za mkono, kama vile kujivuta kabla ya tendo na kukandamana kwa umbo, zinavyofanya kazi katika picha za pande tatu. Wanahesabu walikuwa na zana, na yeye alikuja na mambo aliyoyapata kwa wazee waliotumia penseli maisha yao yote. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya mitaala ya leo imejengwa juu ya makutano hayo.

Sasa tumtazame mkufunzi ambaye watu humkimbilia zaidi, yule aliyefanya kazi katika studio kubwa. Faida zake ni za kweli. Anajua kikao cha kila siku cha kukagua kazi, ambapo picha yako isiyokamilika inaonyeshwa ukutani mbele ya wote na mwongozaji anaamua kwa dakika mbili kwamba urudie. Anajua kutaja mafaili kwa namna ambayo mtu wa idara ya taa atayapata bila kukupigia simu. Anajua kwamba kazi nzuri iliyochelewa ni tatizo kwa watu wengine kumi. Haya hayamo katika video za mafunzo, na mwanafunzi asiyeyajua huumia katika wiki zake za kwanza kazini.

Lakini jina kwenye orodha ya mwisho wa filamu lisomwe kwa makini. Filamu moja kubwa hubeba mamia ya majina. Kuna aliyejenga maumbo ya majengo, aliyepanga taa, aliyelinganisha mwendo wa kamera ya kompyuta na ule wa kamera halisi, aliyefuta waya kwenye picha za watu wanaoruka. Kila mmoja wao ni fundi, na kila mmoja anaweza kusema kwa haki kwamba alishiriki filamu ile, lakini haimaanishi kwamba anaweza kukufundisha kumfanya mhusika awaze. Chuo kikitangaza kuwa mkufunzi wake alishiriki filamu mashuhuri bila kutaja idara, ulizeni: alifanya nini humo, na katika picha zipi? Aliyefanya kweli hujibu haraka, tena kwa furaha, na mara nyingi atakuonyesha sekunde zenyewe.

Studio kubwa pia hugawa kazi vipande vipande. Mtu anaweza kukaa humo miaka mingi akishughulikia nywele na nguo tu. Aliyetoka studio ndogo mara nyingi amefanya kidogo cha kila kitu, kuanzia mchoro wa awali hadi picha ya mwisho, na kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huyo ndiye ningempendekeza.

Wakufunzi waliotoka kwenye michezo ya kompyuta huzua mijadala mizuri chumba cha walimu. Mtu wa filamu atakufundisha kwamba ngumi itanguliwe na mkono kurudi nyuma, ili mtazamaji ajiandae kuiona. Mtu wa michezo atakwambia ufupishe hatua hiyo hadi ikaribie kutoweka, kwa sababu mchezaji amebonyeza kitufe na anataka ngumi sasa hivi. Akisubiri hata kidogo ataona mchezo mzito. Badala yake atatilia uzito kinachokuja baada ya pigo. Pia atakulazimisha kufikiria mwendo usio na mwanzo wala mwisho: mhusika anayetembea katika mchezo lazima hatua yake ya mwisho iungane na ya kwanza bila mshono, na aweze kukatizwa wakati wowote akaruka. Mwanafunzi aliyesikia hoja za pande zote mbili ameelewa kwamba kanuni hutumikia mtazamaji fulani katika hali fulani.

Nataka kuwatetea wakufunzi wa kompyuta na hesabu, ambao wanafunzi huwaona kama adhabu. Kila mhuishaji hukutana na siku ambayo mkono wa mhusika unajizungusha kama umepagawa kati ya mikao miwili iliyo sawa kabisa. Kiungo huzunguka kwa mihimili mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na miwili ikilala kwenye mstari mmoja, upande mmoja wa mzunguko hupotea. Asiyejua hilo atarekebisha fremu moja moja usiku kucha. Aliyefundishwa atabadili mpangilio wa mihimili mapema, kabla ya kuanza kuhuisha, na tatizo halitamfikia.

Wapo pia wanaotoka mbali zaidi: wachongaji, wacheza ngoma, wataalamu wa mifupa ya wanyama. Stuart Sumida, profesa wa biolojia huko California, amewashauri na kuwafundisha wahuishaji wa studio nyingi jinsi wanyama wanavyojengwa na kutembea. Ed Hooks, mwigizaji na mwalimu wa uigizaji, alijenga sehemu kubwa ya kazi yake kwa kuwafundisha wahuishaji kuigiza. Chuo hakihitaji kumwajiri mtu wa aina hii mwaka mzima. Wiki chache zinatosha kubadili namna darasa linavyotazama.

Aliyehitimu juzi na leo anafundisha pale pale alipohitimu ana mahali pake. Anakumbuka vizuri kilichomchanganya, na kwa kuelekeza vitufe na zana hakuna mvumilivu kumzidi. Wasiwasi wangu huja ninapokuta kitivo kizima ni cha watu hao, kwa sababu hapo hakuna hata mmoja aliyewahi kukataliwa kazi na mteja.

Kuna jambo moja ambalo wasifu wa kazi hauonyeshi. Wapo wahuishaji hodari wasioweza kufundisha. Katika usaili humpa mwombaji kazi ya mwanafunzi yenye kasoro kadhaa, mwanafunzi akiwa ameketi pembeni yake. Wengine hunyakua kipanya na kuirekebisha wenyewe kwa ustadi wa ajabu, na mwanafunzi anabaki akitazama. Wengine huuliza kwanza ulikusudia nini, wanachagua kasoro moja iliyo mzizi wa zile nyingine, kisha wanamwachia mwenyewe airekebishe huku wakimtazama. Hawa wa pili ndio tunaowaajiri, hata kama orodha yao ya filamu ni fupi.

Unapokwenda kukagua chuo, omba kuona kazi za wakufunzi wenyewe, pamoja na maelezo ya sehemu aliyofanya kila mmoja. Uliza nani anafundisha mwaka gani, maana majina makubwa hutokea kwenye tangazo na kuingia darasani mara moja kwa muhula. Uliza pia ni lini mara ya mwisho walifanya kazi ya kulipwa nje ya chuo. Aliyeacha studio miaka 15 iliyopita bado anaweza kukufundisha uzito wa mwili na kasi ya mwendo kuliko yeyote, ila awepo mwingine wa kukufundisha jinsi kazi inavyopita leo kutoka idara hadi idara. Ukiweza, omba kukaa nyuma ya darasa kwa saa moja wakati kazi za wanafunzi zinakaguliwa, na uhesabu ni mara ngapi kipanya kinatoka mkononi mwa mwanafunzi.