Hansadi si Muhtasari wa Kikao

Katika mkutano wa chama kimoja cha msingi cha ushirika huko Tandahimba, msimu wa korosho uliopita, mzee mmoja alisimama akalalamikia makato, kisha akamgeukia katibu na kusema, "Hili nataka liingie kwenye Hansadi." Katibu akaitikia kwa kichwa, akaandika katika kaunta buku lake mstari mmoja: "Wanachama walilalamikia makato." Nimelisikia neno hilo likitumiwa hivyo katika vikao vya kijiji, kamati za harusi na hata za misikiti, na safari hii nimeona nisinyamaze.

Hansadi ni taarifa rasmi ya majadiliano ya Bunge, yenye maneno ya kila msemaji kama alivyoyasema.

Jina lenyewe si la Kiarabu, kama jirani yangu wa Mikindani anavyoapa, wala si kifupisho. Ni jina la ukoo. Mwaka 1803 William Cobbett alianza kuchapisha mijadala ya Bunge la Uingereza, Bunge ambalo kwa muda mrefu lilikuwa limehesabu kuwa ni kosa kutangaza nje yaliyosemwa ndani. Cobbett alipoishiwa fedha, mwaka 1812 alimwuzia kazi hiyo mpiga chapa wake wa London, Thomas Curson Hansard, na kuanzia 1829 jina la Hansard likaonekana kwenye ukurasa wa mbele. Miaka yote hiyo ilikuwa biashara ya mtu binafsi. Bunge lilikuja kuichukua na kuweka waandishi wake mwaka 1909. Makoloni yalirithi utaratibu pamoja na jina, na ndiyo maana linatamkwa Dodoma mpaka leo, ingawa ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa Kiswahili: Majadiliano ya Bunge.

Sasa muhtasari. Hili ndilo tulilolipata kwa Waarabu, na maana yake ni kitu kilichofupishwa: katibu huandika waliohudhuria, hoja na maamuzi, mengine huyaacha, naye hana kosa. Hansadi hufanya kinyume, hata vishindo vya ukumbini vimo, ndani ya mabano: (Makofi), (Kicheko). Waandishi wake huondoa marudio na kusahihisha ulimi ulioteleza, mradi maana isiguswe. Mtu wa Mtwara anayetaka kujua nani alisema nini juu ya bomba la gesi, bajeti ya Nishati na Madini ilipojadiliwa mwaka 2013, hana haja ya kutegemea masimulizi ya kijiweni, kwa kuwa Hansadi ni ya umma na huwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Muhtasari ungemwambia tu kwamba hoja ilijadiliwa na kupitishwa. Tena, ahadi ya barabara ikiingia kwenye Hansadi haigeuki sheria. Inabaki kuwa maneno, ila aliyeyasema hawezi tena kuyakana.

Kwa hiyo, mzee wangu wa Tandahimba, dai lako la makato sina ugomvi nalo. Lakini ungesema, "Naomba iandikwe kwenye muhtasari, pamoja na jina langu na kiasi nilichokatwa," katibu angelazimika kuandika zaidi ya ule mstari mmoja.