Anayepanda mlima kuzima moto apande na nini

Oktoba 11, 2020 moto ulizuka eneo la Whona, Mlima Kilimanjaro, ukateketeza vichaka kwa siku kadhaa. Gari la zimamoto halifiki kule. Waliouzima walipanda kwa miguu: askari wa hifadhi, na pamoja nao mamia ya wananchi waliojitolea, wakipiga miali kwa matawi mabichi na kufyeka vichaka kwa mapanga. Watu hawa wanastahili heshima kubwa, na heshima hiyo ianze kabla hawajapanda, kwenye nguo na viatu walivyovaa.

Nguo kwanza, kwa sababu hapo ndipo makosa ni mengi. Jezi, suruali za michezo na majaketi ya nailoni yakipata joto kali huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Mtu huungua vibaya hata kama moto wenyewe haukumgusa. Avae pamba au sufu, mikono mirefu, na viatu vya ngozi vinavyofunika kifundo. Kandambili na raba zenye soli laini hazifai, maana jivu linaloonekana limezimika huwa na makaa chini yake. Wasamaria wema hupeleka maji ya chupa kwa wingi, na yanahitajika, kwani anayefanya kazi karibu na moto hupoteza jasho jingi. Lakini glavu za ngozi, tochi na masweta makavu husahaulika. Kule juu ya mita 3,000 usiku ni baridi kali, na aliyelowa jasho mchana kutwa anaweza kuzidiwa na baridi saa chache tu baada ya kutoka motoni.

Kazi yenyewe ina kanuni zake. Miali ikizidi kimo cha kifua cha mtu mzima, yaani kama mita 1.2, usiikabili uso kwa uso kwa tawi au jembe. Rudi nyuma mkafyeke njia ya kuzuia moto. Njia hiyo ichimbwe mpaka udongo wenyewe uonekane. Mkikata majani tu na kuacha mizizi na mboji, moto utapita chini kwa chini na kuibukia upande wa pili. Vichaka vya erika vilivyojaa ukanda ule huwaka hata vikiwa vibichi, hivyo rangi ya kijani isimdanganye mtu.

Moto hupanda mteremko kwa kasi kuliko unavyoshuka, kwa sababu joto lake hukausha mimea iliyo juu kabla miali haijafika. Msisimame juu ya moto, hasa kwenye korongo, ambako upepo huvutwa kama kwenye bomba la moshi. Mmoja wenu asishike jembe kabisa: kazi yake iwe kuangalia upepo na kupiga filimbi. Kila mtu ajue njia ya kutorokea, na mara nyingi iliyo salama zaidi ni kuingia eneo lililokwisha kuungua.

Kuna jambo moja ambalo hata wazoefu hukosea. Mtu akilalamika kichwa kinauma, anasikia kichefuchefu au anaongea bila mpangilio, wenzake humwambia apumzike pembeni. Inaweza kuwa moshi umemwathiri, inaweza kuwa ugonjwa wa mwinuko, unaoletwa na hewa haba ya juu mlimani. Dalili zinafanana, na pale mlimani hamna namna ya kuzitofautisha. Mtoeni kwenye moshi, mteremsheni mara moja, asishuke peke yake, mumfikishe kwa mhudumu wa afya. Kitambaa usoni huzuia majivu, hakizuii gesi ya sumu.

Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Pete na saa zivuliwe kabla hajavimba. Dawa ya meno, mafuta na ute wa yai visiguse jeraha. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe asije akapata baridi.

Anayeona moshi apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ataje kijiji, kitongoji, alama inayojulikana na upande moshi unakoelekea, na asikate simu mpaka aambiwe. Asipande kwanza ili akapige akiwa huko.

Kwa viongozi wa vijiji: andikeni jina la kila anayepanda, saa aliyoondoka na kundi lake, na jioni muite majina mmoja mmoja. Bila orodha hiyo, aliyebaki korongoni anaweza kudhaniwa kwamba yuko nyumbani amelala. Orodha hiyohiyo itumike wiki inayofuata kuwapitia wote, kwa sababu kikohozi kisichoisha na kifua kubana huweza kujitokeza moto ukiwa umeshazimika, na aliyejitolea asiachiwe gharama za matibabu peke yake.