Kinjikitile si Kinjeketile: kabla hujaandika tamthilia ya Maji Maji

Kila Februari inapokaribia, na kumbukizi ya mashujaa wa vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani kule Songea, waandishi wa tamthilia hufurika kwenye chumba chetu cha kusomea nyaraka. Baada ya maonyesho huja malalamiko: wazee hawakumtambua babu yao jukwaani. Nia ya waandishi ni njema. Tatizo, wengi wamesoma tamthilia wakadhani wamesoma historia.

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya dawa ya kuwakinga watu na risasi, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Viliendelea hadi 1907. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya 1969, yu hai baada ya kushindwa, kafungwa, kapigwa, anagoma kusema maji yalikuwa uongo. Hussein hakukosea. Alimtaka mtu huyo ayaone matokeo ya neno lake, na maiti haioni. Akatamka waziwazi kwenye utangulizi kwamba mhusika wake ni wa kubuni. Sijui kwa nini ukurasa huo hurukwa.

Basi hofu ya mhusika, ndoto zake, ugomvi na mkewe usiku, tunga utakavyo. Tarehe, mahali na nani alimnyonga nani, ukivihamisha, waambie watazamaji kwenye kijitabu cha onyesho. Mistari miwili inatosha.

Tusiambiwe tena kwamba nyaraka za mkoloni hazina maana. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya wazee vijijini. Yasome sambamba na majalada ya Kijerumani. Pale yanapogongana ndipo penye tamthilia.

Utaratibu: njoo na barua ya utambulisho. Kwenye fomu andika namba ya jalada, si "mafaili yote ya Maji Maji". Kwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002 majalada ya serikali hufunguliwa yakitimiza miaka 30, kwa hiyo huhitaji "mtu wa ndani" kuyapata ya 1905. Penseli tu, kalamu ya wino inabaki mlangoni. Kuharibu jalada ni kosa kisheria, na kupigia mstari ni kuharibu. Mwandiko ni wa Kijerumani cha zamani, hata waliosoma lugha hiyo hukwama, kwa hiyo usije asubuhi ya mazoezi.

Kibali cha onyesho la hadhara kinasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, sisi hatukitoi. Muhuri wetu kwenye nakala unaeleza karatasi ilikotoka, basi.