Ganda dogo linataka baruti gani?

Wanaoanza kujijazia risasi, yaani kutia wenyewe baruti na risasi mpya kwenye maganda ya shaba yaliyokwisha kufyatuliwa, huniuliza swali lilelile: baruti gani inakimbiza risasi zaidi? Nami huwarudishia langu: ganda lako linajaa kiasi gani? Kwenye bunduki ya kalibari ndogo, mwendo mimi nauweka nafasi ya tatu, pengine ya nne. Natanguliza ujazo.

Chukua ganda la .223 Remington. Baruti yake mara nyingi huwa kama greni 25, na greni moja ni miligramu 64.8 tu. Ukizidisha greni 0.1 umekosea kwa asilimia 0.4. Kosa hilohilo kwenye ganda kubwa lenye greni 60 halifiki hata asilimia 0.2. Teremka sasa hadi .22 Hornet, ambayo hubeba greni 12 hivi: ile greni 0.1 inakaribia asilimia 1. Ganda dogo halisamehe mkono mzembe.

Kwa hiyo umbo la baruti lina uzito wake. Zipo za vijiti, kama Varget, H4895 na N133 ya Vihtavuori, na zipo za punje za mviringo, kama H335 na W748. Za punje hutiririka kwenye kipimio, kile chombo chenye mkono wa kuvuta kinachomimina baruti kwa ujazo, kama mchanga mkavu. Unavuta mkono, unashusha, kila ganda linapata sawa na jirani yake. Za vijiti zina kiburi. Ukizungusha kipimio cha Varget utasikia "krak", mkono unagoma kidogo: kijiti kimenaswa na kukatwa. Hapo ujue kipimo hicho hakiaminiki. Kirudishe chupani upime upya. Mimi baruti ya vijiti huimimina kwa kipimio pungufu kidogo, kisha namalizia juu ya mizani kwa kudondosha kijiti kimoja kimoja. Kijiti kimoja cha Varget kina kama greni 0.02, kwa hiyo ukiwa na subira unaweza kufika pale pale unapotaka.

Basi kwa nini nisitumie za punje tu nikalale mapema? Joto. Nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa nimepata kipimo kizuri sana cha baruti ya punje asubuhi yenye baridi, matundu matano yakigusana kwenye karatasi ya shabaha. Mchana nikaacha kisanduku juani huku nikipiga soga, kisha nikapakia na kufyatua. Risasi ikapanda juu ya pale nilipolenga, na komeo, kile chuma kinachofunga ganda ndani ya bunduki, likawa gumu kuinuka. Nilipotoa ganda, fataki, yaani kiwashio kidogo kilicho kitakoni mwa ganda, ilikuwa imesawazika kabisa, kingo zake zimejaa hadi ukutani. Kipimo kilikuwa kilekile cha asubuhi. Kilichobadilika ni joto la baruti, na presha ikapanda nalo. Risasi zilizobaki nilizirudisha nyumbani nikazifungua. Si kila baruti ya punje iko hivyo, ila Varget na H4895 zimeundwa makusudi zisiyumbishwe sana na joto, na kwa mtu anayelenga kuanzia alfajiri hadi saa nane mchana, tofauti hiyo naiona kwenye karatasi.

Turudi kwenye ujazo. Baruti ikichukua nusu ya ganda tu, hulala ubavuni, na mahali ilipolala hubadilika kila unapoinua au kuinamisha mtutu. Moto wa fataki huikuta kwa namna tofauti kila mara, na mwendo unayumba. Natafuta baruti ambayo, kwenye kipimo halali, inafika asilimia 90 hadi 100 ya nafasi iliyo chini ya kitako cha risasi. Kasi ya kuungua inafuata hapo: risasi nyepesi ya greni 40 inakubali baruti ya haraka kama H4198, risasi ndefu ya greni 69 au 77 inataka ya polepole zaidi, na hapo ndipo Varget inapong'ara. Na usidanganywe kwamba mtutu mfupi unahitaji baruti ya haraka. Baruti inayotoa mwendo mkubwa kwenye mtutu mrefu kwa kawaida ndiyo itakayotoa mwendo mkubwa kwenye mfupi, ila utapata mwako na kelele zaidi mdomoni mwa mtutu.

Majina nayo yana mitego. H4895 na IMR 4895 si baruti moja, japo tarakimu ni zilezile. Kila moja ina vipimo vyake. Fungua kitabu cha mtengenezaji, anza na kipimo cha chini kilichoandikwa, panda kidogo kidogo, na usivuke cha juu hata kama matundu yanakubembeleza. Ukibadilisha aina ya ganda, rudi chini. Baadhi ya maganda ya kijeshi yana kuta nene, nafasi ya ndani inapungua, na presha inapanda kwa kipimo kilekile.

Ukishachagua, usiihukumu kwa risasi tatu za mita 100. Tofauti ya mwendo ya mita 15 kwa sekunde, kwa risasi nyepesi ya .223, haihamishi tundu hata milimita 2 kwenye umbali huo. Sogeza shabaha hadi mita 300, tofauti ileile inakuwa takriban sentimita 2, juu na chini, kama shanga kwenye uzi. Kundi likijipanga wima namna hiyo, kabla sijalaumu risasi au darubini huwa nachunguza ujazo na mizani.

Jambo moja la dukani: tazama kwenye chupa namba ya toleo, yaani ya mkupuo mmoja wa kiwandani. Matoleo mawili ya baruti moja yanaweza kutofautiana kidogo, na ganda dogo litakuonyesha. Mimi nikipata toleo linalonipa matundu yanayogusana, nanunua chupa nyingine za namba hiyohiyo, naziweka pakavu penye kivuli, kila moja kwenye chombo chake cha asili. Nikifungua toleo jipya, naanza tena chini ya ngazi.