Jiwe likishatoka mkononi: dhana potofu kuhusu vitu vilivyorushwa

Mpe mwanafunzi wa kidato cha tano mchoro wa mpira uliopigwa, ungali angani, umwambie achore kani zote zinazoufanyia kazi. Mara nyingi utapata mishale miwili: mmoja chini, mmoja mbele. Wa chini ni sawa. Wa mbele ndio unaoharibu hesabu zote zinazofuata.

"Nguvu ya teke bado imo ndani ya mpira."

Haimo. Teke hudumu kwa ule muda mfupi ambao kiatu kimegusa mpira, basi. Mpira ukishaachana na mguu unaendelea kwenda mbele kwa sababu hakuna kitu cha kuuzuia, wala hauhitaji kuendelea kusukumwa. Tukiiweka hewa kando, kani iliyobaki ni moja tu, uzito wake, nao unavuta chini.

Mwanafunzi anayechora mshale wa mbele simcheki, maana yuko na wakubwa. Jean Buridan, msomi wa Paris wa karne ya 14, alifundisha kwamba mrushaji hukitia kitu msukumo unaobaki ndani yake. Mwaka 1537 Tartaglia, mwanahisabati wa Italia, alichora njia ya risasi ya mzinga kwa vipande vitatu: mstari mnyoofu, kisha tao, kisha inadondoka wima kama mtu aliyeishiwa pumzi. Ni Galileo, katika kitabu chake cha 1638, aliyeonyesha kwamba njia yote ni parabola moja, yaani tao moja lenye pande mbili zinazolingana.

"Kinachorushwa mbele huchelewa kufika chini."

Jaribu hapo ulipo. Weka sarafu mbili kwenye ukingo wa meza. Moja ipige kwa kidole iruke mbali, nyingine idondoshe wakati huohuo. Usitazame, sikiliza. Ukipatia, utasikia mlio mmoja. Kwa meza ya mita 0.8, ukichukua g (mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani mwendo wa kushuka unavyoongezeka kila sekunde) kuwa 10 m/s², zote mbili hutumia sekunde 0.4, hata ile iliyokwenda kuangukia mlangoni.

Ndiyo maana nawalazimisha wanafunzi wangu wapige mstari katikati ya karatasi kabla ya kugusa kikokotoo. Kushoto mlalo, kulia wima. Kushoto mwendokasi haubadiliki, kulia mna mchapuko wa 10 kuelekea chini. Kinachoruhusiwa kuvuka mstari ni muda peke yake. Kitu kikirushwa kimshazari kwa 20 m/s, anayeichukua nzima na kuipachika upande wa wima bila kuigawa katika mlalo na wima, ameshapoteza alama.

"Pale kileleni mpira husimama."

Unaoisha ni mwendo wa kupanda tu. Mpira uliopigwa kwa 20 m/s, nyuzi 30, una 10 m/s wima na 17.3 m/s mlalo. Baada ya sekunde 1 uko mita 5 juu, wima ni sifuri, lakini ile 17.3 bado ipo vilevile. Mchapuko nao uko palepale. Ungekuwa sifuri kileleni, mpira ungeendelea kwenda mlalo na usingerudi uwanjani.

"Nyuzi 45 ndizo zinazofika mbali."

Hii ni kweli nusu. Inafaa kitu kinapotua usawa uleule kilikorushwa, bila hewa. Tufe linalotoka mkononi mita 2 juu ya ardhi kwa 13 m/s hufika mbali zaidi kwa nyuzi 42 hivi, na warushaji wenyewe hutumia pungufu ya hapo, kwa kuwa mkono hausukumi kwa nguvu ileile unapoelekea juu zaidi. Mkuki ni habari nyingine kabisa, hewa inaubeba. Julius Yego, mrusha mkuki wa Kenya, alipofikisha mita 92.72 kule Beijing mwaka 2015, hesabu zetu za ubaoni zisingemsaidia.

"Fomula ya masafa inamaliza kila swali."

Hapa ndipo wengi huanguka mtihanini. Mpira wetu wa 20 m/s na nyuzi 30 ukipigwa uwanjani hukaa angani sekunde 2 na kutua mita 34.6, na fomula ya masafa, ile inayotoa umbali wa mlalo wa kitu kinachotua usawa uleule kilikorushwa, hukupa jibu hilohilo. Sasa uurushe kutoka juu ya paa la mita 15. Mwenye kukariri ataandika tena 34.6, wakati mpira umelipita paa ukishuka na bado una mita 15 za kwenda chini.

Rudi kwenye safu ya wima. Juu ni chanya, kwa hiyo ardhi iko −15, na t ni muda kwa sekunde:

−15 = 10t − 5t²

Ukipanga vizuri unapata t² − 2t − 3 = 0, yaani t ni 3 au −1. Sekunde 3 mara 17.3 ni mita 52.

Ile −1 wengi huikata kwa wino mwekundu kana kwamba ni kosa. Siyo kosa. Inasema kwamba kama mpira ungekuwa umepigwa kutoka ardhini, ukafuata parabola ileile hadi kufika usawa wa paa, ungekuwa uliondoka chini sekunde 1 kabla ya wewe kuurusha.