M16: bunduki iliyolaumiwa kwa kosa la baruti

Taja M16, bunduki ya jeshi la Marekani, mbele ya wapenda silaha uone ubishi utakavyowaka. Mmoja atakwambia ni kidude cha plastiki kilichowaua wenyewe walioibeba. Mwingine ataapa kwamba haijapata kutokea bunduki nzuri kama ile. Mengi wanayorushiana ni ya kusikia, na baadhi yamerudiwa kwa zaidi ya miaka 50 mpaka yanaonekana kama historia.

"Ilikwama Vietnam kwa sababu ilibuniwa vibaya"

Nianze na hii kwa kuwa ndiyo kubwa, na kwa kuwa ina chembe ya ukweli. Kukwama ilikwama. Mwaka 1966 na 1967 askari wa Marekani waliandika barua nyumbani wakilalamika, na barua hizo zikafika kwa wabunge. Tatizo baya kuliko yote lilikuwa hivi: risasi inatoka vizuri, lakini ganda tupu linang'ang'ania ndani ya chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Kikucha cha boliti, chuma kinachofunga chemba na kurudi nyuma kila risasi inapotoka, kinashika ukingo wa ganda na kuvuta. Wakati mwingine ukingo unanyofoka, ganda linabaki palepale. Hapo utavuta mkono wa bunduki mpaka uchoke. Dawa ni ufito wa kusafishia mtutu: unauingiza kwa mbele, unalisukuma ganda lirudi nyuma litoke. Fikiria kufanya hivyo umelala kifudifudi huku unapigwa risasi. Na wengi hata huo ufito hawakuwa nao.

Sasa jiulize: kama ubunifu ndio uliokuwa mbovu, kwa nini bunduki zipatazo 1,000 za aina hiyohiyo, zilizopelekwa kwa majeshi ya Vietnam Kusini mwaka 1962 kwa majaribio, zilirudisha taarifa za sifa tupu? Joto na unyevu vilikuwa vilevile. Kilichobadilika katikati ni baruti.

Eugene Stoner na wenzake wa kampuni ya ArmaLite waliiunda bunduki hii na kuipima kwa aina moja ya baruti, ile iliyotengenezwa na kampuni ya DuPont. Baadaye jeshi likaweka masharti yake: risasi itoke kwa kasi ya futi 3,250 kwa sekunde, na shinikizo ndani ya chemba lisivuke kiwango fulani. Watengenezaji wa risasi wakaona hawawezi kuyatimiza yote mawili kwa wingi wakitumia baruti ile. Badala ya kulegeza masharti, jeshi likaruhusu baruti nyingine ya punje za mviringo, iliyotengenezwa na kampuni ya Olin.

Baruti hiyo ilifaa kwa risasi nyingine za jeshi. Ndani ya M16 ilileta balaa la aina mbili. Kwanza, ilibadilisha msukumo wa gesi, na mwendo wa bunduki ukapanda kutoka kwenye risasi 750 hivi kwa dakika hadi karibu 1,000 kwa baadhi yake. Boliti ikawa inalivuta ganda mapema mno, wakati bado limevimba na kukaza ndani ya chemba. Pili, ilikuwa na kalsiamu kaboneti iliyoacha masizi magumu. Ikumbukwe kwamba M16 huichukua gesi karibu na mbele ya mtutu na kuirudisha moja kwa moja hadi kwenye boliti kwa mrija mwembamba. Uchafu wa baruti unaingia mpaka tumboni mwa bunduki.

Kuna jambo moja hapa ambalo kila nikilikumbuka linanitia hasira. Kampuni ya Colt, iliyokuwa ikizitengeneza, iliwaambia wakubwa kwamba bunduki nyingi zingeshindwa kipimo cha mwendo zikijaribiwa kwa risasi za baruti mpya. Ikaruhusiwa kuzijaribu kwa risasi za baruti ya zamani. Yaani bunduki inafaulu mtihani kiwandani kwa baruti moja, inapelekwa vitani kupiga kwa nyingine, na waliosaini wanajua. Kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi chini ya Richard Ichord iliyochunguza suala hili mwaka 1967 iliandika kwamba kushindwa kwa maofisa kurekebisha kasoro za risasi hizo kulikaribia kuwa uzembe wa jinai. Ni maneno mazito kutoka kwa wanasiasa waliokuwa katikati ya vita.

Kosa lingine ni kromu. Jeshi lilikuwa limejifunza visiwani Pasifiki, katika Vita Kuu ya Pili, kwamba chuma kitupu ndani ya mtutu hakidumu penye joto na unyevu. Mtutu wa M14, bunduki iliyotangulia, ulipakwa kromu ndani. M16 za mwanzo zikaachwa hivihivi. Chemba ikila kutu, inafanya vishimo vidogo, ganda likitanuka linajikita humo. Chemba zenye kromu zilianza kuja mwaka 1967, pamoja na bafa nzito, kipande cha nyuma kinachopokea kishindo cha boliti, ya kupunguza mwendo, na malalamiko yakapungua sana.

"Ilikuwa bunduki isiyohitaji kusafishwa"

Habari hii ilienea jeshini kwenyewe, sikwambii mitaani. Askari wengi waliamini bunduki hii ya kisasa inataka usafi kidogo tu, na vifaa vya kusafishia vilipelekwa vichache. Vingine vilikuwepo, lakini ghalani, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Hakuna bunduki isiyohitaji kusafishwa, sembuse inayojipulizia masizi yake yenyewe.

"Jeshi la nchi kavu ndilo lililoipigania"

Kinyume kabisa. Wakubwa wa jeshi hilo walikuwa na M14 yao, iliyoidhinishwa mwaka 1957, na hawakutaka kusikia habari ya risasi ndogo kutoka kampuni changa ya Hollywood. Mlango ulifunguliwa na Jeshi la Anga. Tarehe 4 Julai 1960, Jenerali Curtis LeMay alialikwa kwenye sherehe shambani Maryland, akapewa AR-15, jina la M16 kabla jeshi halijaibatiza, apigie matikiti maji. Yalivyopasuka, akaipenda. Mwaka 1962 Jeshi la Anga likanunua 8,500 kwa ajili ya walinzi wake. Mwaka uliofuata Waziri wa Ulinzi Robert McNamara alikuwa ameshaamua M14 isitengenezwe tena, na jeshi la nchi kavu likajikuta linaagiza 85,000 za bunduki ambayo halikuitaka. Mtu akipewa mtoto asiyemtaka, malezi yake utayaona mapema.

"Risasi ya 5.56 ilibuniwa kujeruhi, si kuua, ili majeruhi abebwe na wawili"

Hii inapendwa kwa sababu inasikika kama ujanja wa kivita. Masharti yaliyotolewa mwaka 1957 yalitaka bunduki nyepesi ambayo risasi yake itoboe kofia ya chuma umbali wa yadi 500. Anayepanga kutoboa kofia hapangi kujeruhi mguu. Hesabu iliyobeba uamuzi ilikuwa ya uzito: risasi ya 5.56 (milimita za upana) ina uzito wa takriban nusu ya ile ya 7.62 ya M14, kwa hiyo askari anabeba karibu maradufu bila kuongeza mzigo. Bunduki yenyewe ina kilo 3 hivi ikiwa tupu, wakati M14 inapita 4.

"Risasi yake inabiringika hewani"

Ingekuwa hivyo isingelenga hata ukuta. Mifereji ya ndani ya mtutu huizungusha risasi ili iende imenyooka. Inayumba na kugeuka ikishaingia mwilini, kama zinavyofanya risasi nyingi zenye ncha kali, na hii nyepesi mara nyingi huvunjika vipande inapogeuka. Kuna jambo dogo huenda ndilo lililozaa uvumi: mitutu ya mwanzo iliizungusha mara moja kwa kila inchi 14, na kwenye baridi kali, hewa ikiwa nzito, shabaha ilitawanyika. Wakabana hadi inchi 12.

"AR maana yake ni bunduki ya mashambulizi, 'assault rifle' kwa Kiingereza"

AR ni ArmaLite, basi. Na tusimpe Stoner sifa zote peke yake: yeye alibuni AR-10 ya risasi kubwa, lakini Jim Sullivan na Bob Fremont ndio walioipunguza ikawa AR-15.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 askari waligawiwa kijitabu cha katuni, picha kwa picha, cha kuwaonyesha jinsi ya kuifungua na kuisafisha. Baadaye hata kitako kikabadilishwa: kile cha mwanzo kilikuwa kimefungwa kote, kipya kikawekewa kimlango nyuma, na ndani yake nafasi ya kuweka ufito wa kusafishia.